Mwambie Baba Yako

Mimi si mtu wa subira. Mke wangu anajua, watoto wanajua, na makarani wa tiketi bandarini Mwanza wananijua zaidi. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule nilisafiri kutoka Nansio mpaka Mwanza na mama mkwe wangu na watoto watatu, bila kumsemesha mama huyo neno hata moja ana kwa ana, wanaonifahamu huona natia chumvi. Sitii.

Upande wa mke wangu, kisiwani Ukerewe, mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawagusani, hawali pamoja, hawalali nyumba moja, na mkwe halitaji jina la mama mkwe wake hata akiwa peke yake shambani. Kwetu Usagara heshima hiyo tunayo pia, ila wazee wetu wameshailegeza kidogo. Mama mkwe wangu hakulegeza kitu. Tangu nioe, akiniona natokea mbali kwenye njia ya kwao, alikuwa anajitanda kanga usoni, anaacha njia, anaingia kwenye mihogo na kunipa mgongo. Mimi nami natazama upande wa pili mpaka nipite. Tukishapishana ndipo tunasalimiana, kila mtu akiongea na mihogo iliyo mbele yake.

Ndiyo maana siku moja nilishtuka. Nilikuwa nimekwenda kuhani msiba hukohuko, natembea njia ileile, nikamwona anakuja na fimbo mkononi. Nikangoja aache njia. Hakuacha. Alinijia moja kwa moja, uso wazi, mpaka mimi ndiye nikaruka kwenye mihogo. Alipofika usawa wangu akasimama, akauliza, "Nani huyo?" Nikazidi kujipenyeza mihogoni, nikaondoka.

Niliporudi Mwanza nilimfokea mke wangu. Nikamwambia mama yake amenivunjia heshima, ananijia usoni kama napimana naye kifua. Mke wangu aliacha kuchambua mchicha, machozi yakaanza kumtoka.

"Hajakuvunjia heshima," alisema. "Mama haoni."

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na mimi mtu mzima nilikuwa nimenuna njia nzima kwa sababu mama wa watu amekuwa kipofu.

Baadaye mke wangu akajifungua binti, mtoto wetu wa nne, tukampa jina la bibi yake huyo. Mimi nikawa namwita Mama tu, kwa kuwa jina lenyewe sina ruhusa nalo. Kutoka Nansio ikaja salamu: bibi anamtaka wajina wake, anataka kumwona. Si kumpakata. Kumwona. Ikaangukia wiki ileile tuliyotangaziwa kanisani kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitali mjini, na wagonjwa wanaandikishwa mwisho Jumatano saa tisa alasiri. Wakishaondoka, kurudi kwao alijua Mungu.

Nikasema mama huyu ataona. Nilisema kwa sauti, nikapiga meza, chai ikamwagika.

"Utamleta vipi?" mke wangu aliuliza. "Huwezi kumshika mkono. Huwezi hata kumwambia hapa mbele kuna shimo."

Kaka yake, ambaye ndiye angefaa, alikuwa visiwani anafukuzia sangara wa viwandani, kama vijana wote wenye nguvu miaka ile. Mke wangu ana kichanga. Nilibaki mimi, ambaye kiwanda cha nguo kilikuwa kimeshanipunguza kazini na sasa nauza mitumba sokoni. Biashara ilikuwa huria, na mimi nami nilikuwa huru kufunga meza yangu nikitaka.

"Nitakwenda na watoto," nilisema.

"Wote?"

"Wote. Watamshika na watamsemesha. Mimi nitalipa nauli."

Mkubwa alikuwa msichana wa miaka minane, anayefuatia mvulana wa sita, na wa tatu mvulana tena, wa miaka mitatu, ambaye tangu azaliwe huyo mdogo wake alikuwa hakubali kuachwa na mtu. Tulivuka Jumanne. Watoto walikuwa hawajawahi kupanda meli, wakaizunguka mpaka nikaumwa kichwa. Walilala kwa bibi yao, mimi nikalala kwa mwalimu jirani, na asubuhi ya Jumatano tukawa gatini.

Bibi tulimkalisha kwenye benchi, wajukuu wakubwa ubavuni, mdogo miguuni pake. Mimi nikakaa benchi la nyuma, nimempa mgongo. Alisikia kila nililosema na mimi nilisikia kila alilosema, lakini ilikuwa lazima lipite kwa mtoto kwanza.

"Mwambie bibi tutafika saa sita."

"Bibi, baba anasema tutafika saa sita," alisema binti yangu.

"Mwambie baba yako nimesikia."

"Baba, bibi anasema amesikia."

Binti alichoka mapema, akamwachia mdogo wake kazi hiyo ili aangalie ndege. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kijana wangu wa miaka sita aligundua kwamba amepata madaraka.

"Bibi, baba anauliza kama una njaa." Sikuwa nimeuliza kitu.

"Mwambie sina njaa," alisema bibi.

"Baba, bibi anasema ana njaa. Anataka maandazi. Na soda ya machungwa. Na anasema mimi nimsaidie kunywa."

Nikataka kugeuka nimkanye, nikakumbuka siwezi kugeuka. Nikangoja mama mkwe mwenyewe amkane. Nikamsikia anakohoa, na kile hakikuwa kikohozi, alikuwa anacheka. Nikanunua maandazi na soda.

Mwanza tuliiona mapema, mawe yake na mabati yake vilimani. Tulipokaribia bandari mashine ikaanza kukoroma, ikazimwa. Magugu maji. Miaka ile yalikuwa yanatembea ziwani kwa upepo, leo yapo huku, kesho yamehamia kule, na siku hiyo yalikuwa yameziba bandari yote. Binti yangu akayasifia maua yake ya zambarau mpaka nikamwambia anyamaze.

"Tunangoja upepo ugeuke," baharia alitutangazia.

"Unageuka saa ngapi?" nilimwuliza.

"Ukitaka wenyewe, mzee."

Saa saba ikatukuta palepale. Saa nane ikatukuta palepale, hospitali naiona kwa macho kule juu ya kilima. Nilizunguka meli nikigombana na kila aliyevaa kofia. Niliporudi, bibi akaongea polepole.

"Mwambie baba yako, kama imeshindikana, imeshindikana. Mimi giza nimeshalizoea. Huyo mjukuu wangu nitampapasa, inatosha."

Maneno hayo yalinichoma. Laiti angelalamika. "Mwambie bibi," nilisema, "hatukutoka Nansio kuja kupapasa."

Kijana akayafikisha kwa ukali uleule, na kidole juu.

Mitumbwi ya injini ilikuwa imeanza kusogea upande wa meli uliokuwa wazi, inachukua abiria wenye haraka kuwazungusha mpaka mwalo wa Kirumba wanaposhushia samaki. Kuingia kwenye mtumbwi ilibidi kuteremka ngazi ya kamba. Binti yangu aliteremka kama nyani, na mwenye mtumbwi akampokea mdogo. Akabaki bibi.

"Mzee, mshike mama yako umteremshe," alisema baharia. Yeye mwenyewe alikuwa ameng'ang'ania kamba ya mtumbwi usisukumwe na mawimbi.

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

Baharia alikuwa Mkerewe. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Basi hapo una kazi," alisema.

"Mwambie baba yako," bibi alisema, "siguswi na mkwe. Na sibebwi na vijana kama gunia la muhogo."

Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja aliyepakia machungwa yake kwenda nayo sokoni, ameyasikia yote. Bila kuniuliza alivua kitenge chake cha juu, akaazima kingine, akavisokota pamoja, akamfunga bibi chini ya makwapa kwa fundo la kufungia ng'ombe. Ncha akaniwekea mkononi.

"Shika," alisema. "Kitenge si mkono wako."

Bibi akafikiri. Watu wote pale wakangoja afikiri.

"Mwambie baba yako afumbe macho," alisema mwishowe.

Nikafumba. Basi ikawa hivi: asiyeona yuko ngazini, anayeona amefumba macho, na kati yetu mtoto wa miaka sita ameinama kwenye ukingo wa meli, mama wa machungwa amemkamata kaptula kwa nyuma.

"Baba, legeza. Bibi, mguu wa kushoto. Siyo huo, bibi, ule mwingine. Baba, kaza. Kaza, baba."

Nilikaza. Mguu wake ulikuwa umeteleza, uzito wake wote ukaja kwenye viganja vyangu. Niliogopa, nasema wazi. Na hapo nikajua jambo ambalo kwa miaka yote ya ukwe wetu sikuwa nalijua, kwamba mama mkwe wangu ni mwepesi sana. Mwanamke niliyemhofia hivyo, uzito wake haukuzidi robota la mitumba. Nilishikilia kitenge kile kwa meno yaliyoumana mpaka niliposikia kijana anasema, "Bibi amefika. Baba, fumbua."

Sikumbuki tulivyopanda kile kilima. Nakumbuka dirisha la kuandikisha, na nesi ameshaanza kukusanya vitu vyake.

"Jina la mgonjwa?"

Bibi alikuwa kwenye benchi mbali, hasikii. "Sista, naomba watoto wakutajie," nilisema.

"Kwani wewe hujui jina la mama yako?"

"Ni mama mkwe. Jina nalijua, siwezi kulitaja."

Nesi akanitazama kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Anaitwa Bibi," alisema kijana wangu, kwa uhakika kabisa.

Ni binti aliyetuokoa. Alijivuta juu kwa vidole vya miguu mpaka kidevu kikafika dirishani, akasema, "Ana jina moja na mtoto wetu mchanga," akalitaja kwa sauti ya darasani, watu wa benchini wakageuka. Hata hapa silitaji, na msiniulize.

Alipasuliwa jicho moja kwanza. Siku zile alipolazwa, kazi yote ya kukwepana ilikuwa yangu. Nilisikiliza fimbo yake inatokea wapi, najibanza nyuma ya milango, natumia watoto kupeleka uji. Na kwa kuwa akitoka angefikia kwangu, mkeka wangu ulishahamia kwa jirani. Mke wangu alikuwa akiniuliza kila jioni kama nadhani mama ataona, na kila jioni nilimjibu ataona, kwa ukali, ili asisikie ninavyoogopa.

Siku ya kumfungua bandeji, wakubwa wawili waliruhusiwa kuingia kumchukua. Mimi nilibaki nje na mdogo, kwenye njia ya kutoka wodini kwenda langoni. Nilipaswa kukaa pembeni, lakini ndala yake ilikuwa imekatika na nilikuwa nimeinama naitengeneza. Nilipoinuka, bibi alikuwa ameshatoka, kule mwisho wa njia, mjukuu mkono huu, mjukuu mkono huu, usoni miwani yenye vioo vinene kama kitako cha chupa, nesi nyuma yao.

Nilitakiwa kugeuka. Sikugeuka. Mungu anisamehe, nilimkazia macho mama mkwe wangu usoni, nikisubiri anijie moja kwa moja kama siku ile.

Alisimama. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba nipo. Aliwaachia watoto mikono, akavuta kanga, akajifunika uso pamoja na miwani yake, akaacha njia, akaingia kwenye nyasi na kunipa mgongo.

"Bibi, lango ni huku," alisema nesi. "Unapotea."

Nilisimama nimeshika kipande cha ndala. Kijana wangu akaja mbio na ujumbe.

"Baba, bibi anasema utoke njiani, anakuona," alisema, akavuta pumzi. "Na anataka soda."

Nikambeba mdogo, nikaingia kwenye nyasi za upande wa pili, nikampa mgongo mama mkwe wangu, nikalia hapohapo nimesimama mpaka alipopita.