Paka Juu ya Tanuri la Chai

Nakumbuka siku moja, mwanangu, alfajiri yenye ukungu, tulipomkuta paka amejikunja juu ya tanuri la kiwanda cha chai, amelala fofofo. Paka huyo aliiokoa zahanati yetu. Leo uliponijia umenuna, unalalamika kwamba kompyuta yako inakupa majibu ya ajabu kuhusu moshi wa viwanda, nilimkumbuka nikacheka peke yangu.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa karani kijana katika ofisi ya utafiti huku milimani, upande wa Amani. Watu wetu walikuwa wamehamia kijiji kipya, bondeni chini ya kiwanda, mama yangu akiwa mmoja wao. Kila Jumamosi walijitolea kuchimba msingi wa zahanati kwa nyimbo na sufuria la makande. Wakati ule mama mjamzito akishikwa na uchungu alibebwa kwa machela kupanda mlima, na si wote waliofika. Kwa hiyo usidhani zahanati ilikuwa pambo.

Basi kiwanda kikataka kuongeza tanuri la pili, wilaya ikauliza: moshi utalala wapi? Ukilala kijijini, ujenzi wa zahanati usimame. Kazi tukapewa mimi na mwenzangu Hoza. Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, kama ya kusagia nyama. Tukailisha kila kitu: urefu wa bomba la moshi, kuni zinazochomwa, saa za moto alizotuandikia msimamizi wa kiwanda, na upepo wa kila saa kutoka kituo cha hali ya hewa. Tukazungusha mpaka mabega yakauma. Jibu likatoka: kabla ya jua kupanda, moshi utajaa bondeni, juu ya msingi wa zahanati.

Niliumia, mwanangu. Hoza, mwenye huruma nyingi na subira kidogo, akasema tupunguze kuni kwenye hesabu, nani atajua? Nikamjia juu. Hesabu ni hesabu, nikamwambia, hata kama mama yangu atalia. Nilijiona shujaa kweli kweli. Tulibishana kwa kelele mpaka mkuu wetu, Mzee Shemweta, akatoka chumbani kwake na kikombe mkononi. Tukamwamkia, tukamweleza, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Hoza, wewe unataka kuihonga namba," akasema. "Na wewe binti, unataka kuisujudia. Nani kati yenu aliyeiuliza imetoka wapi?"

"Imetoka kiwandani, mzee," nikajibu.

"Mmefika huko?"

Hatukuwa tumefika. Na bomba la kiwanda tulikuwa tunaliona dirishani!

"Kesho alfajiri tunakwenda," akasema. "Kama moshi unashuka kabla ya jua, nami nataka niuone."

Ndipo tulipomkuta paka. Tanuri lilikuwa baridi, jivu la jana halijazolewa. Mlinzi akatoka amejifunika blanketi, akatushangaa.

"Shikamoo mzee. Moto? Aa, moto hauwashwi mpaka saa mbili, watu wakishaingia kazini."

Mzee Shemweta alitutazama, nyusi juu. Msimamizi alikuwa ametuandikia mbili mpaka nane, kama anavyohesabu mtu yeyote wa kwetu: saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Kituo cha hali ya hewa kilihesabu kizungu, kuanzia usiku wa manane, na kwao mbili mpaka nane ni usiku mkubwa hadi asubuhi. Sasa, huku milimani hewa ya usiku ni nzito, hushuka bondeni. Jua likikolea, upepo hugeuka ukapanda mlima. Sisi tulikuwa tumeuwasha moto wa mchana katika upepo wa usiku. Mazoea yana taabu: saa tuliyolelewa nayo ndiyo ambayo hatukufikiria kuiulizia.

Tukangoja. Saa mbili moto ukawashwa, paka akaondoka kwa hasira, na moshi ukapanda taratibu kuelekea kilele. Hoza akapiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia kuni mbichi. Mzee hakuturuhusu kusherehekea. Macho yetu yameona tanuri moja, akasema, la pili bado ni la hesabu. Tukarudi kwenye mashine yetu, tukarekebisha saa, tukazungusha upya. Bonde likatoka safi, na tukaandika sharti kwamba moto usiwashwe kabla jua halijakolea.

Kwa hiyo mwanangu, jibu likikushangaza usiigombeze kompyuta. Rudi kwenye ulichoilisha. Uliza nani alipima, kwa kipimo gani, kwa saa ya nani. Kuuliza si ujinga. Usiihonge namba, maana njia ya mwongo ni fupi; wala usiisujudie, maana imeandikwa na mtu kama wewe, pengine ana usingizi. Na kama bomba la moshi liko karibu, vaa viatu uende.

Zahanati ilijengwa ikaisha, nawe ulizaliwa humo asubuhi moja, saa tatu yetu. Bibi yako alikutoa nje uone jua, na moshi wa kiwanda ulikuwa unapanda kule juu, mbali na pua yako. Mungu akujalie akili ya kuhesabu, na miguu isiyochoka kwenda kutazama.