Mabibo Niliyowatundikia Popo

Reli ilipofika kijijini kwetu, bara kidogo kutoka Pande, ilianza kama vigingi na kopo la rangi nyekundu. Wapimaji walipiga alama kwenye mkwaju wanakolala popo. Msimamizi wao, mtu mzima mpole, akatueleza kwamba njia inapita hapo, kwa hiyo mti utakatwa. Wenzangu wakauliza habari za mikorosho na makaburi. Mimi nikauliza habari za popo. Walivyonigeukia wote, mpaka leo masikio yananiwasha.

Lakini ulikuwa msimu wa kuzaa. Ukiinua macho unaona majike wamekumbatia watoto. Wakubwa wangeruka wakaokoka. Watoto, ambao hawajajua kuruka, wangeanguka na mti. Na mimi ni mtu ambaye hata kuku wa sikukuu nachinjiwa.

Shule niliishia darasa la saba, na somo la sayansi nililipenda siku za kuchora. Hilo halikunizuia kubuni mpango: popo wanapenda mabibo, basi nikiyatundika kwenye mti wa mbambakofi ulioko ng'ambo ya bonde, watahamia huko na watoto wao. Nilikuwa nimeshaona mpaka treni ikisimama, wageni wakishuka kuwatazama popo wangu, mimi nimevaa kofia yenye maandishi. Maandishi gani, sikuwa nimeamua.

Nikabeba tenga la mabibo ya shangazi, nikapanda, nikaanza kufunga moja moja. Maji moto, wale sisimizi wekundu, wakaniteremsha haraka kuliko nilivyopanda. Nikapanda tena.

Magharibi popo walikuja kweli. Nilishangilia peke yangu kama mwehu. Kumbe popo hali pale anapochuma. Hubeba tunda akalile kwake. Nilijua hilo tangu utotoni! Ndiyo maana kila asubuhi kina mama huokota korosho chini ya mkwaju. Na kwetu korosho ya popo haina mwenyewe: hata ukiitambua kuwa ya shambani kwako, anayewahi ndiye mwenye nayo.

Mabibo yale nilikuwa nimeyatundika na korosho zake.

Asubuhi zilikuwa zimetapakaa chini ya mkwaju uleule wenye rangi nyekundu, na majirani wameinama wanaokota. Shangazi akafika, akazitazama, akawaamkia wenzake kwa adabu. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ulitaka kuwahamisha, au kuwaonyesha njia ya shambani kwetu?"

"Mwache mkwe wa popo," jirani mmoja akasema bila kuinua kichwa. "Jana katoa mahari."

Kicheko kilimleta msimamizi. Kina mama wakamsimulia yote, hata ya sisimizi, ambayo sijui waliyapata wapi. Alicheka mpaka akakalia sanduku la vifaa. Alipoinua uso kufuta machozi, akawaona watoto wa popo wamening'inia vifuani mwa mama zao. Akakaa akiwatazama. Akauliza wataruka lini. Nikamwambia sijui, ila naweza kuwachunga. Akasema basi vijana wake wataanza kusafisha upande wa pili, mkwaju uwe wa mwisho. Watoto wakijua kuruka nimwambie.

Sasa kila jioni nasimama pale nimeangalia juu, mdomo nimefunga. Mwanzoni nilikuwa nauacha wazi. Nilijuta.

Wiki hii watoto wameanza kutoka. Jana msimamizi akaja, tukasimama bega kwa bega, kofia yake ikipokea vya kupokea. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za wanangu.

"Bado mmoja, mzee."

"Si ndiye yule anaruka?"

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa anaruka vizuri tu, afadhali angejikwaa kidogo.

"Yule anajifunza, mzee."

Msimamizi alimfuata kwa macho mpaka akapotelea kule kwenye mikorosho ya shangazi.

"Haya," akasema. "Akihitimu, uniambie."

Leo nimekwenda tena. Kwa maoni yangu, kukata kona bado kunamsumbua.