Kungoja Mwamba Ung'ae

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Masumbwe, kumzika shangazi. Kutoka stendi nilipanda bodaboda, na yule kijana akaniuliza kwa adabu, "Mama, nikushushe wapi?" Nikamjibu kama nilivyojibu maisha yangu yote: "Pale kwenye mlima." Akaendesha kidogo, halafu akapunguza mwendo. "Mlima gani, mama?" Nikadhani ananitania. Nikanyoosha mkono juu ya bega lake nimwonyeshe, na mkono ukabaki hewani, maana mbele palikuwa na mbingu tu, na chini yake shimo lenye maji ya kijani ambapo mbuzi walikuwa wanakunywa. Kijana hakuwa na kosa. Alizaliwa mlima umekwisha.

Tangu hapo nimechoka, na si uchovu wa safari. Nimerudi Kahama, nauza mchele wangu kama kawaida, lakini jioni nikikaa nalikumbuka swali lililonijia siku ile: mlima ule ulikuwa mkubwa kweli, au ni mimi niliyekuwa mdogo? Wanangu wanacheka. Wanasema, "Mama, huku kwetu hakuna milima, kuna vichuguu." Labda wanasema kweli. Mimi niliishia darasa la saba, na kichwa changu sikiamini sana. Ila nikueleze kama ninavyoukumbuka, nawe utapima.

Tuliuita Lugulu, na kwa Kisukuma hiyo ni "mlima" tu. Haukuwa na jina jingine kwa sababu hapakuwa na mlima mwingine wa kuuchanganya nao. Ulikuwa mawe juu ya mawe, na juu kabisa jiwe moja limekaa peke yake kama kifuniko cha chungu. Pimbi walilia humo asubuhi na jioni. Nyumba ya bibi ilikuwa upande wa mawio, kwa hiyo jua likichomoza nyuma ya nyumba yetu lilianza kugusa lile jiwe la juu, ndipo likateremka taratibu mpaka kwenye miamba bapa ya chini. Kwenye miamba hiyo ndipo wanawake walipoanika michembe. Viazi vilivyomenywa na kukatwa vilitandazwa pale kiangazi chote, na mlima ukanuka utamu wa viazi vinavyokauka. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Nikirudi bibi ananipa matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga, vidole vinanata, na huo ndio ulikuwa mshahara.

Kiangazi kimoja akaja mpiga picha kutoka Shinyanga mjini. Alikuja kuwapiga picha watoto wa shule wanaomaliza, kila mmoja mbele ya shuka la bluu, akamaliza, akafunga shuka lake. Kisha akageuka, akauona Lugulu. Wenzake wa kazi hiyo wangepanda gari la jioni. Yeye alikuja kwa bibi kuomba chumba cha uani.

"Cha siku ngapi, Fundi?" bibi akamuuliza.

"Mpaka niupige mlima, mama."

"Si uko hapo? Upige basi, ukale."

Akacheka, akasema hewa bado chafu. Ilikuwa kweli, nakubali sasa, maana watu walikuwa wanachoma mashamba, na moshi na vumbi la ng'ombe vilifanya mlima uonekane kama kitu nyuma ya chandarua. Alikuwa anangoja mvua ya kwanza ioshe hewa, halafu asubuhi inayofuata, jua likiwa bado chini, lile jiwe la juu lipate mwanga likiwa bado limelowa. Asubuhi moja tu ya namna hiyo ndiyo aliyoitaka.

Sijamwona mtu mwingine anayengoja vile. Siku za mwanzo hakuigusa hata kamera. Alizunguka mlima, akakaa huku, akakaa kule, akalala chali. Akawa anatazama kivuli kinapita wapi. Alipopata mahali pake, karibu na jiko letu la nje, alisimamisha ile miguu mitatu ya kuwekea kamera, akaiacha hapo hapo bila kamera, ili asipoteze mahali. Kuku wakawa wanalala juu yake. Kila asubuhi aliamka kabla ya bibi, akakaa kwenye kigoda na kikombe cha uji, akatazama, kisha akatikisa kichwa na kurudi ndani.

Utani haukukosekana. Wanawake wakipita na michembe yao walimwita, "Fundi, vipi, Lugulu amekataa kucheka?" Bibi aliwajibu kwa niaba yake: "Mwacheni, anaposa. Mahari yenyewe hajataja." Lakini hata bibi jambo hilo lilimkera kidogo. Kwake picha ilikuwa kitu cha mtu. Unavaa nguo ya kanisani, unasimama wima, mikono chini, hucheki, ili hata ukifa watu wajue ulikuwa mtu mwenye heshima. "Picha isiyo na mtu," alimwambia siku moja akipepeta mtama, "ukiitundika ukutani, mgeni akiuliza huyu nani, utasema nini?" Fundi alisema tu kwamba watu anawapiga kila siku, amechoka na mashuka ya bluu.

Sasa nifike kwenye lile neno. Jirani yetu alikuwa na banda la kuuza chai na vitumbua, na wachimbaji wadogo waliotoka upande wa Bulyanhulu walipita hapo. Siku moja Fundi amekaa anakunywa chai, mmoja akamuuliza anangoja nini kijijini muda wote huo. Fundi akajibu kama alivyotujibu sisi: "Nangoja mwamba ung'ae."

Kwake mwamba ni jiwe. Lakini kwa mchimbaji, mwamba ni ule mkanda ndani ya ardhi unaobeba dhahabu, na mwamba unaong'aa ni habari ya kuachia chai mezani. Jirani akaongezea, na hakusema uongo hata kidogo, kwamba bwana huyu ana kifaa cha miguu mitatu amekisimamisha kwa Mama Shija, yaani kwa bibi yangu, kinautazama mlima mchana na usiku. Wote walikumbuka kwamba kule Bulyanhulu, kabla watu hawajahamishwa kupisha mgodi, walitangulia wapimaji na vifaa vya miguu mitatu. Huwezi kumlaumu jirani. Huwezi kumlaumu yule mchimbaji pia. Neno waliloambiwa lilikuwa hilo hilo, na mtu yeyote wa huku angesikia walichosikia.

Sikumbuki zilipita siku ngapi. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja pimbi hawakulia. Tukasikia sururu. Rashi, yaani mbio za dhahabu, ilikuwa imeingia, watu wakimiminika na pikipiki, na baiskeli, na magunia, vijana wa kila kabila, na maturubai yakasimama kwenye miamba yetu ya kuanikia. Wakaanza kuchimba mashimo wanayoyaita maduara. Fundi alikwenda kwao, akaeleza kwa mdomo wake kwamba yeye ni mpiga picha, anangoja mwanga. Wakampigia makofi. "Ndiyo, mzee! Na sisi tunaungoja huo huo mwanga!" Kadiri alivyokana, ndivyo walivyoamini.

Bibi akamshika mkono. "Fundi, piga sasa. Kesho hutaukuta."

"Hewa bado chafu, mama."

"Chafu, chafu! Utapiga hewa au utapiga mlima?"

Hakupiga. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ujinga au nini. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, uji mkononi, na kila asubuhi mlima ulikuwa na jeraha jipya, vumbi jeupe likiteremka kama unga uliomwagika. Nilimwona akikonda. Nami nilianza kuomba mvua, kwa moyo wangu wote wa kitoto, nikiomba inyeshe kabla hawajafika kwenye lile jiwe la juu.

Ikanyesha. Ilipiga mabati ya shule jioni ile mpaka mwalimu akaturuhusu kuondoka, na alfajiri ikakatika ghafla. Nilipotoka nje Fundi alikuwa ameshaifunga kamera yake juu ya ile miguu mitatu. Hewa ilikuwa safi hata ungehesabu majani ya miti ya mbali. Jua likachomoza nyuma yetu, likaligusa lile jiwe, na jiwe likawaka. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hapo. Liliwaka, na maji yakiteremka mbavuni mwake kama mafuta. Na kila mahali chini yake, juu ya kila jiwe, walikuwa watu.

Fundi alikuwa ameinama kwenye kamera, hapigi. Nadhani alikuwa anangoja waondoke kwenye jicho lake, na hawakuwa watu wa kuondoka. Ndipo kijana mmoja kule juu akatuona. "Oya! Picha! Fundi anapiga picha!" Sauti ikateremka duara kwa duara. Sururu zikanyamaza, moja moja, mpaka pakawa na kimya kile cha zamani. Na wote wakasimama. Wakafuta nyuso, wakavuta mashati chini, wakanyoosha mikono pembeni, hakuna aliyecheka. Mlima mzima ulisimama wima kama watoto mbele ya shuka la bluu.

Bibi akasema polepole, "Haya, Fundi. Wanakungoja."

Akabonyeza, na siku hiyo hiyo akaondoka. Baadaye alimletea bibi picha moja kubwa kupitia kwa kondakta, na kwetu hakurudi tena. Bibi akaitundika sebuleni. Wachimbaji walikuja na viatu vya matope kujitafuta: "Huyu mimi!" "Wewe wapi, hilo si jiwe?" Baada ya muda duara moja likaporomoka, na kijana aliyekuwa ndani hakutoka mzima. Mama yake alikuja kutoka kijiji cha pili kumchukua. Hakuwa na picha yake nyingine. Bibi hakuombwa mara mbili, aliishusha ukutani akampa.

Niwe mkweli: mlima ulitulisha. Niliuza matobolwa kwa wachimbaji, na bati la nyumba ya bibi lilitoka hapo. Dhahabu ilikuwa kidogo, wakaondoka. Baadaye yakaja malori ya kokoto, yakamaliza kilichobaki, na barabara niliyopita na bodaboda ile, sehemu yake ni Lugulu. Bibi hayupo, jirani hayupo, na michembe siku hizi huanikwa kwenye maturubai, hunuka plastiki.

Baada ya kumzika shangazi nilitembea mpaka kijiji cha pili, magoti yakinilaumu. Nilitaka kitu kimoja tu, kuona kama nilikuwa naota. Yule mama bado yupo, mzee sana. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nilipomweleza mimi mjukuu wa nani, hakuuliza nimefuata nini. Alinishika mkono akaniongoza ukutani.

Picha imepauka, pembe moja imeliwa na mchwa. Akaweka kidole. "Huyu hapa mwanangu. Aliyeshika kofia kifuani." Alikuwa mdogo kama punje ya mchele. Uso huuoni. Lakini nyuma yake, juu yake, kila upande wake, ulikuwapo mlima, jiwe juu ya jiwe, unapanda mpaka karibu utoke nje ya picha, na lile jiwe la juu bado lina mwanga. Ulikuwa mkubwa. Bila ile punje nisingejua.

"Umemwona?" akaniuliza.

Nikajifuta macho. "Nimemwona, mama."

"Alisimama vizuri, eti?"

"Alisimama vizuri sana."