Jina la Shija Nililifutisha Mimi

Enzi zetu, na msinicheke kwa kusema enzi zetu wakati sijafika hata thelathini, dawati la watu wawili lilikaliwa na wanne. Wa rika langu mliosoma shule ya msingi Nsemulwa mnanielewa. Unatoka nyumbani na dumu la maji mkono huu, fagio mkono ule, mfukoni umejaza michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani, unatafuna njia nzima mpaka taya zinauma. Mapumziko ni rede, kulengana kwa mpira, vumbi linatubadilisha rangi wote tunafanana. Mtoto wa siku hizi mwambie abebe dumu, atakuuliza kwani shule haina bomba.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu sita, kwa hiyo kusoma kwetu kulikuwa kuimba. Mwalimu anasoma sentensi, darasa zima tunaitikia. Ukiwa na sikio zuri ulikuwa unafika darasa la sita hujui hata herufi moja, na hakuna anayeshtuka.

Shija alikuwa na sikio zuri. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Kwao walihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, akaanza shule akiwa mkubwa, Kiswahili chenyewe kakikuta hukuhuku. Mtu wa vicheko, na kwenye rede akikulenga umekwisha. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu, maana yeye haandiki, anachora. Anatazama ubaoni, anachora herufi moja moja kama anayetarizi kitambaa. Mimi tu ndiye niliyejua. Siku ya mtihani wa kuchagua majibu nilikuwa namkanyaga mguu chini ya dawati, mara moja ni A, mara mbili ni B. Mama yangu, aliyekuwa anauza dagaa sokoni Kashaulili, alizoea kuniambia, "Mwenzio humwachi njiani." Na mi nikaona ndicho ninachofanya.

Halafu akaja Madam Kabula. Huyo mama, wengine wakishaondoka saa nane, anabaki na wasiojua kusoma kwenye baraza ya stoo, na vitabu vya darasa la pili, na njaa yake tumboni. Siku moja akasoma mstarini majina ya watakaobaki. La Shija likawemo.

"We Shija, kesho uje na kikombe cha uji," Kasimu akasema, yule wa dawati la nyuma. "Chekechea hawakosi uji."

Mstari mzima ukacheka. Mi nilimrukia Kasimu palepale, nikala viboko vyangu, sikujali. Kilichoniuma ni Shija. Nilimkuta nyuma ya vyoo, analia bila sauti.

"Rehema, nitoe pale. Baba akisikia nasoma na watoto wadogo, atasema bora nikachunge."

Basi nikamtoa. Jioni ile nilimsomea ukurasa mmoja mpaka akaushika wote. Nikamfundisha kidole kitembee vipi, kwenye nukta apumzike, mwisho wa mstari ashuke. Asubuhi nikamvuta hadi kwa Madam.

"Madam, mmekosea. Huyu anajua kusoma."

"Anajua?"

"Mpime."

Madam akachukua kitabu. Kabla hajafungua, mi nikamfungulia mwenyewe, nikamwambia ndipo tulipoishia. Shija akausoma ukurasa mzima, kidole kinatembea, hajakosea hata neno. Madam hakumtazama Shija. Alinitazama mimi.

"Rehema, una uhakika? Mwakani mna mtihani wa taifa. Muda wa kumsaidia ndio huu."

"Nina uhakika. Kwani hujasikia mwenyewe?"

Nilimjibu kwa ukali, kama namkomoa. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina. Tulitoka pale tukanunua barafu za ubuyu, tukacheka mpaka nyumbani. Nilijiona shujaa, jamani.

Mtihani wa la saba kila mtu alikaa dawati lake, wasimamizi wametoka shule nyingine, Shija wamemweka kona ile, mimi kona hii. Mguu wangu haukufika. Nilimwona ameinamisha kichwa, anasiliba majibu taratibu, kwa usafi, kila duara limejaa vizuri. Alikuwa anachora.

Wale wa barazani, waliochekwa mwaka mzima, wengi walipita. Shija hakupita. Baba yake hata hakumpiga, alisema tu, "Shule imeisha," wakahamia Majimoto kwenye mpunga. Mi mwenyewe sikufika mbali, hasira zangu zilinitoa form two, mengine nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia dagaa. Lakini gazeti nililisoma. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Siku hizi watoto wanabakizwa shule wafundishwe, na mzazi anaandikiwa barua kwa heshima zote. Na bado wananuna, eti wanakosa katuni. Nikiwasikia natamani kuwazaba kibao, halafu machozi yananitangulia.

Wiki iliyopita Shija alinitumia picha. Hatumi maandishi, ni sauti na picha tu. Ilikuwa barua kutoka kwa mwalimu wa bintiye wa darasa la nne. Nikamsomea kwa simu: mtoto hajui kusoma, wanaomba abaki kila siku mpaka saa kumi.

"Watamcheka?" akaniuliza.

"Watamcheka. Mwache abaki."

Pikipiki zilikuwa zinapita huko kwao. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Sawa, dada," akasema. "Basi niandikie hilo jibu, mi nitalichora."

Nikaliandika kwa herufi kubwa, mistari mitatu, nikalipiga picha nikamtumia.