Mitungi Iliyoanikwa Juani

Mume wangu alipofariki, moto wa jikoni nao ukaanza kufa. Hapa kwetu Mwakirunge tuna shimo la gesi nyuma ya zizi. Unatia mavi ya ng'ombe na maganda ya soko la Kongowea, unakoroga na maji, vijidudu vinakula humo ndani na gesi inapita kwenye mpira hadi jikoni. Basi kila asubuhi nilichota maji kisimani, nikatia, nikakoroga. Moto ukazidi kunywea mpaka chai ikawa haichemki.

Mwanangu wa Changamwe akapiga simu. "Mama, lifukie hilo shimo. Uza ng'ombe, uje ukae na sisi."

"Mtaniweka wapi, juu ya kabati?" nikamjibu. Lakini nilipokata simu nililia. Bila moto ningebaki na sababu gani ya kukataa? Na nyumba hii ndiyo pekee inayomjua baba yao.

Ilikuwa Julai, kusi linavuma, jua la kubahatisha. Nikakumbuka mitungi myeusi ambayo marehemu aliianika juani kila asubuhi, ndipo jioni atie maji shimoni. Nilikuwa nikimcheka: "Mwanamume mzima, kazi kuwapashia wadudu maji! Na mimi mkeo je?"

Naye polepole, "Hawapendi baridi hawa. Ukiwamwagia maji ya kisima wanajikunyata, hawali, hawatoi kitu." Hilo la mke hakulijibu.

Nikaitoa mitungi yote, nikaipanga ukutani kama alivyoipanga. Siku za mawingu nilipasha maji kwa makaa, yawe vuguvugu tu, maana ya moto nayo yanawaua. Moto haukurudi upesi. Ulirudi kidogo kidogo, hata asubuhi moja sufuria ikatokota. Nikapiga kigelegele peke yangu, kuku wakatimka.

Nikampigia mwanangu: siji.

Jioni hiyo shimo lilitosheka, mtungi mmoja ukabaki. Nikaupeleka bafuni nisimwage maji bure. Nilipojimwagia kopo la kwanza nikasimama. Maji haya nayajua. Miaka yote ya ndoa nilioga maji haya, nikidhani pipa la bafuni linapigwa na jua. Tangu matanga naoga baridi, nikasema ni upweke.

Loo, mzee wewe. Si ungeniambia, nikushukuru?