Fundi Khatibu na Ng'ombe wa Mazoezi

Fundi Khatibu alikuwa mnene kwa namna ambayo watu wa Bariadi tuliipenda. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Tabora aliyekuja kwetu akiwa kijana, na kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuijaza baraza ya duka lake mpaka wateja wakawa wanasimama juani. Hakuna aliyelalamika. Fundi mwembamba ungemwamini vipi na kitambaa chako? Mimi nilikuwa jirani yake wa duka la pili, nikiuza chumvi na mafuta ya taa siku vilipopatikana, na visipopatikana nikiuza maneno. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na mtu akikwambia vinginevyo, hasa Machibya, usimsikilize.

Khatibu na mkewe Siwema hawakuwa na mtoto. Walikuwa wameoana siku nyingi, kiasi kwamba hata wambea walichoka kuuliza. Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe, lakini yeye aliitwa Fundi tu, na Siwema aliitwa Mke wa Fundi. Halafu mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, tulipokwisha kuhamishwa na kupangwa mistari kando ya barabara ya Migato, kila mtu akiona sufuria ya mwenzake, Siwema akapata mimba. Khatibu alilia mbele ya wateja bila kujificha. Siku hiyo alimshonea mwalimu suruali yenye miguu miwili ya kushoto, na mwalimu kwa kushiriki furaha yake akaivaa hivyo hivyo.

Furaha ile haikukaa. Khatibu alikwenda zahanati kumchukulia mkewe vidonge, akapanda zile ngazi chache za mlangoni, akashindwa kusimama. Mganga wa zahanati, Januarius, kijana mpole aliyependa kusema ukweli kuliko ilivyohitajika, alimpima kifua na kusikiliza kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema, "moyo huu unafanya kazi ya watu wawili. Usipopungua, mwanao atakuja kukuona kwenye picha."

Maneno yale yalimchoma kuliko Januarius alivyojua. Baba yake Khatibu alianguka juu ya cherehani na kufa Khatibu akiwa bado ananyonya, na hata hiyo picha hakuacha. Alirudi dukani rangi imemtoka, akakaa kwenye gunia langu la chumvi.

"Sitaki kuwa hadithi kwa mwanangu," aliniambia. "Nataka anitoroke, nami niweze kumkamata."

Nilimhurumia sana. Nilimhurumia pia yule wa gunia la chumvi, yaani mimi.

Alianza kwa kupunguza chakula. Majirani walipoona sahani yake inarudi na ugali, walidhani Siwema kwa uzito wa mimba ameshindwa kupika, wakaanza kuleta maziwa ya mgando, viazi na kuku. Kukataa chakula cha jirani ni matusi, kwa hiyo mwezi ule aliongezeka. Akajaribu kushona akiwa amesimama, akajidunga sindano ya cherehani kidoleni. Akaenda kulima shamba la kijiji ili atoke jasho, lakini shamba la kijiji siku zile watu wengi tulikuwa tunalilima kwa kuegemea mpini, naye akajifunza kuegemea vizuri kuliko sisi. Akarudi kwa Januarius.

"Basi kimbia," alisema Januarius. "Kila asubuhi."

"Nikimbilie wapi?"

"Hukimbilii popote. Unakwenda mbio, halafu unarudi."

Khatibu alifikiri. "Sasa kama ninarudi, si bora nibaki?"

Lakini asubuhi iliyofuata alivaa kaptula aliyoishona mwenyewe, yenye kitambaa cha kutosha pazia la darasa, akashika barabara ya Migato mbio. Januarius alitoka Bukoba. Hakuijua nchi yetu, na Khatibu kwa hofu yake alijisahau. Kwa Wasukuma mtu mzima hakimbii ovyo. Mtu mzima akikimbia, ng'ombe wameibwa. Hapo haulizwi maswali; unapigwa mwano, yaani yowe la hatari, na kila mwanamume anatoka na fimbo, mkuki au alichonacho. Asiyetoka anatozwa faini, na akibisha, anatengwa: hapewi moto wala maji.

Khatibu alikuwa hajafika kwa Philomena muuza maandazi pale mwano ulipolia. Wanaume walitoka kila mstari. Wakampita. Kwa mwendo aliokuwa nao hata vikongwe walimpita, wakimpa pole kwa ng'ombe wake ambao hakuwahi kuwa nao. Walikimbia hadi mtoni, wakavuka, wakasaka wezi kwenye vichaka mpaka jua likawa kali, wakarudi na mzungu mmoja, mtaalamu wa mbegu za pamba, waliyemkuta anajisaidia.

Jioni mkutano ukakaa. Uliongozwa na Machibya, *nsumba ntale* wetu, mkubwa wa vijana wote, mtu aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda nyama.

"Nani alipiga mwano?" aliuliza.

Kila mmoja alimwonyesha wa mbele yake, mpaka kidole kikafika kwa Philomena.

"Nilimwona Fundi anakimbia," alisema Philomena. "Fundi huyu huyu! Ningefanyaje?"

Wote tulikubali kwamba hakukuwa na la kufanya. Machibya akamgeukia Khatibu. "Fundi, ulikuwa unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu."

"Nani anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Sasa mbio zilitoka wapi?"

Khatibu akaeleza habari ya moyo, mtoto na picha. Ndipo aliposimama Nyanjige, mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Mtu akikimbia bila sababu watu watahangaika kila siku," alisema. "Sababu hana. Tumpe. Mimi nina dume jekundu la ng'ombe, jina lake Mkutano."

Dume lile aliliita Mkutano kwa kuwa likianza hakuna aliyejua litamaliza saa ngapi. Lilikataa jembe, na kila asubuhi likifunguliwa lilikimbilia mtoni bila kuagwa. Wachungaji wa Nyanjige walikuwa wamechoka kulifuata. Mama yule hakuwa mjinga.

Machibya akatoa sheria, na tuliirudia kwa sauti ili isipotee: Fundi akionekana anakimbia na ng'ombe yuko mbele, hayo ni mazoezi, watu wakae wanywe uji. Akionekana anakimbia na hakuna ng'ombe mbele, hilo ni jambo, watoke wote.

"*Wabeja*, mayu," Khatibu alimshukuru mama yule kwa Kisukuma. Nadhani ni mtu wa kwanza hapa duniani kuazimwa ng'ombe kwa ajili ya moyo.

Basi ikawa hivyo. Alfajiri ikishapambazuka tulimsikia Mkutano anapita, du du du, na nyuma yake kaptula ile. Mwanzoni Khatibu aliishia kwa Philomena, akakaa chini na kuomba maji, na ng'ombe akamwacha. Siku nyingine alitaka kuacha kabisa. Nilimwambia aache, maana alinitia aibu mimi niliyekaa. Lakini Siwema alikuwa na dawa yake. Alikuwa akisimama mlangoni na tumbo lake, analishika tu kwa mikono miwili. Khatibu akiliona, huyo, barabarani.

Polepole akafika kwenye mkuyu, halafu kwenye majaruba ya mpunga, halafu mtoni. Kaptula ikaanza kumvuka, akawa anaibana jioni kwa mkono wake mwenyewe, na futi yake ya kupimia wateja akawa analala nayo chini ya mto. Mkutano naye akamzoea. Khatibu akisimama kuvuta pumzi, dume linasimama, linageuka kumtazama kwa dharau. Januarius alimpima tena, akacheka peke yake. "Moyo umerudi kwenye kazi ya mtu mmoja," alisema. Wateja tu ndio walipungua, kwa sababu walidhani anaumwa na kwamba atakufa na vitambaa vyao.

Siku ya Siwema kujifungua Januarius alikuwa semina Shinyanga, akijifunza jinsi ya kuwa karibu na wananchi. Uchungu ulianza asubuhi, na kufikia mchana wanawake waliokuwa naye walitoka nje wakiwa hawatazamani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Aliyeweza kumgeuza ni mmoja tu, Generoza, mkunga aliyestaafu hospitali ya misheni, naye alikuwa shambani kwake ng'ambo ya mto.

Khatibu alitoka mbio. Hakuvaa hata viatu. Na Mkutano, aliyekuwa anakula majani nyuma ya duka langu, alipomwona Khatibu anakimbia, akakumbuka kazi yake, akakata kamba na kumfuata.

Sisi wanaume tulikuwa barazani, pamoja na Philomena aliyeleta maandazi, na habari ya uchungu ilikuwa haijatufikia. Tulimwona Fundi, tukamwona ng'ombe. Alitupungia mikono miwili, nasi tukampungia.

"Siwema!" alipiga kelele. "Siwema!"

"Unaona," alisema Philomena kwa upole, "anajitia moyo kwa jina la mkewe."

"Kaza, Fundi!" alisema Machibya. Akashangaa kidogo kwamba leo ni mara mbili. Tukarudi kwenye bao.

Yaliyotokea ng'ambo alitusimulia Generoza mwenyewe. Aliinua kichwa kwenye mihogo akaona mtu mwembamba asiyemjua. Alipomjua, alisema magoti yake hayamfikishi popote kabla ya jioni. Khatibu alimbeba yule mama na mkoba wake, akamkalisha juu ya Mkutano, akamwambia ashike nundu. Mkutano hakuwa na tabia ya kubeba watu, lakini tabia ya kukimbia akifukuzwa alikuwa nayo, na Khatibu alikuwa nyuma yake.

Walipotokea kwenye mkuyu, Generoza amefumba macho na anasali Salamu Maria kwa kukatikakatika, ndipo tulipoinuka. Sheria haikusema lolote kuhusu ng'ombe mwenye mkunga.

Mtoto alizaliwa kabla uji wa alasiri haujaiva. Wa kike. Wakamwita Rehana. Siwema alikuwa hoi, lakini hai, na Khatibu alikaa chini nje ya mlango na kulia kuliko siku ile ya mimba. Generoza alisema angechelewa kidogo tu angewakosa wote wawili. Tulipolisikia hilo, barazani hapakuwa na mtu wa kumtazama mwenzake.

Mtoto alipotolewa nje, Khatibu aliitisha mkutano.

"Nilikimbia," alisema, "na hakutoka mtu. Nataka haki yangu."

"Ng'ombe alikuwepo," alisema Machibya haraka.

"Alikuwa nyuma."

Hapo pakawaka moto. Sheria ilisema mbele. Wengine waliapa walimwona mbele, wengine nyuma, na mimi nilisema, na ninasema mpaka leo, kwamba kutokea pale nilipokaa alikuwa ubavuni. Nyanjige akauliza swali moja. "Kamba ya Mkutano ilikatika au ilifunguliwa?" Ilikatika. "Basi alimkuta Fundi ameshaondoka. Alikuwa nyuma." Machibya, mtu wa sheria, aliinamisha kichwa. Kijiji kizima kilikuwa kimekosa mwano, yeye akiwa wa kwanza.

Faini ya kukosa mwano ni ng'ombe. Tulianza kuhesabu mioyoni mwetu nani ana dume la kutoa, lakini Khatibu alikataa.

"Ng'ombe ninaye wa kuazima," alisema. "Nyinyi mmezoea kuniona nakimbia mkiwa mmekaa. Ndiyo maana siku ya shida mlikaa. Mtakimbia nami, kila asubuhi, mpaka mzoee."

Machibya alipitisha. Kesho yake barabara ya Migato ilijaa wanaume, Mkutano mbele kama mwenyekiti, na mimi mkiani nikishika tumbo langu. Wiki hiyo hiyo bwana mmoja wa wilayani alikuja kukagua vyoo. Alipoona kijiji kizima kinamjia mbio kikiwa na fimbo, aligeuza gari, na ripoti yake sijui aliandika nini, ila vyoo havikukaguliwa tena. Wengi waliacha baada ya kuvuna pamba. Mimi niliacha kabla. Khatibu hakuacha, hata Mkutano alipozeeka ikabidi Khatibu awe anamsubiri.

Rehana alichelewa kutembea. Alikuwa akisimama kwa kushika mguu wa cherehani, anatazama barabara. Asubuhi moja nilikuwa nafungua duka nikamwona ameachia. Hakutembea. Alikimbia, kifua mbele, akapita mlangoni kwangu, akashika njia ya Migato bila nguo.

Khatibu aliinuka na kuiacha suruali ya mtu chini ya sindano. Watu walitoka kwenye milango yao. Hakuna ng'ombe aliyekuwa mbele, na kwa sheria tulipaswa kutoka wote, lakini hata Machibya aliegemea mlango wake akatazama. Khatibu alimkamata mwanawe karibu na kwa Philomena, akamnyanyua juu ya kichwa chake. Nilimtazama Fundi kifuani. Hakuwa anahema.

"Baba Rehana!" aliita Siwema kutoka mlangoni. "Mrudishe, uji unapoa."

"Mwache kwanza," alisema Khatibu. Akamweka chini, akafungua mikono, akamwacha atoroke tena.