Kadi Isiyo na Upande wa Mama

Mwaka 2008 nilitoka Subukia kwenda Nakuru kupimwa damu, mtu mzima nisiyeumwa hata kichwa. Sababu ilikuwa Anyango, mchumba wangu. Ndugu yake alifariki kwa ugonjwa wa seli mundu, naye alipopimwa aliambiwa anabeba jeni moja. Yeye haumwi, lakini akizaa na mwenzake anayeibeba pia, mtoto anaweza kurithi mbili na kuugua. Harusi ilinisubiri nipimwe.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa mtungini, kwa hiyo mambo ya kurithi nilijiona profesa. Kabla ya kuondoka nilijiandikia kadi ya ukoo kama ya ng'ombe wa gredi: baba, babu, mpaka baba wa sita.

Saa tatu asubuhi, kliniki ya Nakuru. Muuguzi, mama wa makamo, aliisoma kadi yangu akitabasamu.

"Boss, hapa ni wanaume watupu. Kwani mlizaliwa na nani?"

Niliona haya. Ng'ombe mwenye kadi kama hiyo ningemkataa. Nikampigia mama simu kumwuliza mamake alitoka wapi.

"Busia," akasema. "Na ni leo ndio umeuliza?"

Muuguzi alicheka, akasema huko kwenye malaria nyingi wengi wanabeba jeni hiyo, kisha akanitoa damu.

Wiki iliyofuata nilirudi na Anyango kuchukua majibu. Nami nilikuwa nabeba jeni hiyo. Daktari alitueleza polepole: kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto augue. Nikauliza kama jeni hairekebishiki. Akasema wanasayansi ng'ambo wanatafuta njia, ila kwa sasa hana cha kutupa. Nilivunjika moyo.

Tukirudi, tulipopita Bahati, Anyango akaniuliza, "Fundi, mkulima akikuletea ng'ombe wawili kama sisi?"

"Namwambia atafute dume lingine."

"Basi?"

"Basi mimi nakutaka wewe."

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Hata mimi. Lakini sitazaa mtoto wa kulia vile ndugu yangu alikuwa analia."

Jioni Subukia, nilimweleza mama majibu, na kwamba hatutazaa. Niliogopa sana, kwani kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, naye alikuwa akimsubiri huyo binti tangu nilipobalehe. Wapandishaji tunajua damu tu. Mengine nilifundishwa jioni hiyo.

Mama akamtazama Anyango.

"Kwani mtoto wa kulea," akauliza, "hawezi kuitwa Wanjiru?"